Sekunde Kumi Baada ya Kila Kamba

Desemba ile ya uchaguzi nilikuwa nikitengeneza nyatiti ya kompyuta. Nilifanya kazi kwenye studio ndogo nyuma ya saluni pale Kawangware 56, chumba kimoja chenye blanketi ukutani na kibodi iliyokosa vibonye viwili. Waimbaji wa injili waliokuja kwetu walikuwa wamechoka na sauti zilizokuja na kompyuta, kwa sababu kila studio ya mtaa ilikuwa nazo zile zile. Mimi nilitaka mtu abonyeze kibodi isikike nyatiti halisi ya ziwani, kinubi cha Wajaluo, kamba zote nane, na mkwaruzo wake wote.

Nyatiti yenyewe nilijua ilipo. Shangazi yangu, mtu wa Kitui kama mimi, alikuwa ameolewa na mzee mmoja Mjaluo, fundi viatu ambaye alikuwa akipiga nyatiti matangani. Waliishi Kianda, Kibera, kwenye ploti ya vyumba vinane vya mabati, vinne huku na vinne kule, katikati pana kijia cha kupita mtu mmoja na ndoo yake. Mzee alikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba nisiiguse ala yake hata kwa bahati mbaya. Alisema nyatiti ni ya wanaume. Nikamuuliza kama kompyuta nayo ni mwanamume. Akafikiri, akajibu kwamba kompyuta haiwezi kukaa kwenye kigoda, kwa hivyo haimsumbui.

Basi kila kamba ilibidi aivute yeye. Kazi hii si ya kurekodi wimbo. Unarekodi kamba moja, mvuto mmoja, unaiacha ilie mpaka inyamaze kabisa, halafu unarekodi tena kwa nguvu zaidi, halafu tena. Ukimaliza unazikata zile sauti moja moja na kuziingiza kwenye programu inayoitwa sampla, unaipa kila sauti kibonye chake, na ukibonyeza kwa upole inatoka ile ya upole. Ni kazi ya kuchosha, na mimi naipenda. Shida ilikuwa mzee. Hakuweza kuiacha kamba ife bila kuisemesha. Angevuta, angesikiliza kidogo, kisha angeguna au angesema neno la Kijaluo, na rekodi imeharibika. Mwishowe nikamwambia kila akivuta ahesabu kumi moyoni ndipo aseme atakalo. Alihesabu midomo ikicheza, lakini sauti haikutoka.

Tulirekodi alasiri mbili, wiki chache kabla ya kura. Shangazi alipita mlango kwa mlango akiomba watu watulie. Jirani wa mlango unaotazamana na wao, mama mmoja Mkikuyu wa kutoka Murang'a aliyekuwa mshonaji, alitoa mguu kwenye cherehani yake alasiri zote mbili, ingawa ilikuwa msimu wa sare za shule na nguo za Krismasi. Alikuwa amenishonea sketi mbili. Nilimshukuru, akasema tu, "Haraka basi, nina watu wananingoja."

Mtaani hali ilikuwa si hali. Watu walikuwa wameanza kuulizana wanatoka wapi kabla ya kuulizana habari. Kinyozi aliyemnyoa ndugu yangu tangu utotoni alimuuliza jina la pili la baba yetu. Mimi niliyaona hayo yote na nikasema yatapita, kwa sababu nilikuwa na kamba nane za kukata.

Kukata nilianza baada ya Krismasi. Studio ilikuwa tupu, wenye saluni walikuwa wameenda mashambani. Kompyuta ilikuwa kuukuu kwa kazi niliyoipa na diski ilikuwa karibu kujaa, kwa hivyo nilifanya jambo ambalo fundi yeyote wa sauti angenichapa kofi kwa ajili yake: kila nilipokata, nilihifadhi juu ya rekodi ya mwanzo. Ule mkia wa kimya, zile sekunde kumi za mzee, ulifutika moja kwa moja. Nilimaliza kamba ya kwanza hadi ya tano hivyo.

Siku ya pili baada ya kupiga kura, mchana, redio ya jirani ikisoma hesabu za kura ambazo kila saa zilizidi kumkasirisha mtu fulani, nilifika kamba ya sita. Nikasikia kitu kwenye mkia wake. Nilidhani ni mvumo wa umeme. Nikapandisha sauti hadi mwisho ili niujue ni wa aina gani, nikakuta ni mtu anaongea.

Nyuma ya chumba cha shangazi kulikuwa na njia ndogo ya mtaro, na ukuta ni bati tupu. Watu walikuwa wamesimama pale nyuma wakati mzee akihesabu. Siku ile sikuwasikia. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa sauti, na masikio yangu kwenye kamba.

Niliyoyapata yalikuwa vipande. Baada ya mvuto wa upole wa kamba ya sita: "...tungoje watangaze kwanza..." Baada ya mvuto wa kati, kicheko, kisha, "...yule mama hawezi toka na vitu zote." Kamba ya saba ilikuwa kimya. Ya nane, mvuto wa nguvu, sauti nyingine, ya kijana, ikasema polepole kabisa, kama mtu anayeeleza mahali pa kuweka meza: "Mlango yake inafunguka nje. Ukiweka jiwe hapo, imeisha."

Nilivua vipokea sauti vya masikioni nikavishika mkononi. Kisha nikavivaa tena, nikasikiliza mara nyingi mpaka nikaanza kusikia na yasiyokuwepo. Nilirudi kwenye kamba tano za mwanzo nikijua fika sitapata kitu. Zilikuwa safi. Kila sauti ilikatika pale nilipoikata, nadhifu, kazi nzuri. Kama jina lilitajwa, nililifuta mwenyewe kwa mkono wangu.

Yule mama. Mlango unaofunguka nje. Mlango wa shangazi ulifunguka nje. Mara ngapi nimepigwa na ule mlango bega nikija kumsalimia. Mkamba aliyeolewa kwa Wajaluo, na siku hizo watu wa kwetu walishaanza kuitwa wasaliti kwa sababu mgombea wetu alijitenga na wao. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Kredo kwenye simu ilikuwa ya dakika chache na maduka ya kuuzia yalikuwa yamefungwa. Nikampigia.

"Umesikia wapi?" akaniuliza.

"Kwa rekodi, Anti. Nyuma ya nyumba yenu."

"Kwa nyatiti?"

"Nyuma ya nyatiti. Toka hapo, tafadhali. Kuja kwangu."

Nilimsikia akimweleza mzee. Mzee akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba kompyuta yangu imeanza kuota ndoto. Lakini shangazi ananijua, anajua mimi si mtu wa kuomba. Asubuhi iliyofuata alikuja Kawangware kwa miguu, na begi moja na sufuria yake kubwa ameifunga leso. Mzee alibaki. Kwangu hakuweza kuja; pale steji ya matatu vijana walikuwa wakiwauliza wanaume vitambulisho, na jina lake la Kijaluo lingemtangulia. Shangazi aliweka sufuria chini akasema, "Kama ni uongo utanirudisha wewe mwenyewe."

Haukuwa uongo. Matokeo yalitangazwa, na kabla giza halijaingia moshi ulionekana upande wa Kibera. Kwetu pia ulitokea, karibu zaidi. Tulikaa ndani siku nyingi, tukipika uji, tukizima redio na kuiwasha. Shangazi hakulia. Kila simu ya mzee ilipolia alitoka nje kuipokea, ingawa nje hapakuwa salama, kwa sababu hakutaka nimwone usoni.

Siku ya tatu mzee alipiga akaeleza. Walikuja mchana. Walipita mlango wake wakamsalimia, mmoja wao alimwita baba. Wakaenda mlango wa mkabala, wa mshonaji, wakaweka jiwe. Alikuwa ndani na binti yake. Baadaye waliliondoa, wakachukua cherehani, vitambaa, kitanda, kila kitu, wakawatoa, kisha chumba wakakitia moto wakiwa wamemwaga maji kwenye vyumba vya pembeni ili moto usivuke. Mzee alisema aliketi kwenye kigoda chake wakati wote. Alirudia hilo la kuketi mara mbili, akakata simu.

Nilisikia uchungu, na chini ya uchungu nilisikia nafuu kwamba si shangazi. Naisema wazi kwa sababu nimeificha miaka mingi.

Mambo yalipotulia, viongozi wakishapeana mikono, nilimsindikiza shangazi kurudi Kianda. Nilibeba kompyuta. Nyatiti ilikuwa imekamilika, nilitaka mzee aisikie. Tulipoingia kwenye kile kijia nilimkuta mshonaji ameinama kwenye mabati meusi ya kilichokuwa chumba chake, akitafuta vipande vya chuma vya kuuza. Alikuwa akiishi kwa dadake, upande mwingine wa mji. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jipya linalong'aa hadi kwenye kiwiko. Alimsalimia shangazi vizuri tu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulijua," akasema. "Si ulimtoa anti yako mapema?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na diski na kamba na mikia, mpaka nikafika kwa yule kijana na jiwe lake. Alinisikiliza akipangusa masizi mikononi.

"Mlango inafunguka nje," akarudia.

"Ndiyo. Nikadhani ni wa Anti."

Akaangalia huku na kule, nami nikaangalia alikoangalia. Vyumba ni vidogo. Mlango ukifunguka ndani unagonga kitanda. Mwenye ploti alikuwa ameitundika milango yote saba iliyobaki ifunguke nje. Nilikuwa nimepita hapo kwa miaka minne.

"Tulikuwa milango nane," alisema. Hakupandisha sauti. "Simu ya anti yako ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hukumwambia abishe."

Shangazi alikuwa ameinamia kufuli yake, akaacha kuifungua. Wala yeye hakuwa amebisha. Alitoka asubuhi ile na sufuria kichwani akapita mbele ya mlango ule, na cherehani, aliniambia baadaye, ilikuwa inalia.

"Sikufikiria," nikasema.

"Najua hukufikiria. Nakuuliza kitu kingine. Kama wangetaja jina langu, na ukalisikia wazi, ungepiga simu?"

Nilitaka kusema ndiyo papo hapo. Nilichelewa kidogo, na yeye akaona nimechelewa, akaokota gunia lake la vyuma akatupita.