Meurig Prosser, Beki Aliyedaka Mpira

Kule Cwm Eithin, kijiji cha migodi kwetu Wales, mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake huangalia amefanana na nani, wanaume huangalia mabega. Meurig Prosser alizaliwa na mabega. Baba yake, Islwyn, mchimba makaa na nahodha wa raga wa kijiji, alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu atasimama nyuma kabisa, adake mipira ya juu," kisha akaenda zake kilabuni. Mama mtu, Tegwen, ambaye hata jasho la uchungu lilikuwa halijamkauka, akasema labda wangesubiri kwanza mtoto afungue macho. Hakuna aliyemsikiliza.

Basi Meurig akakua akidaka. Islwyn akitoka mgodini, hata masizi hajanawa usoni, alimchukua mpaka mteremko wa nyuma ya nyumba, akaupiga ule mpira wa raga ulio kama yai mpaka ukapotelea kwenye mvua.

"Uko wapi?"

"Kule, Baba."

"Usinionyeshe kidole, nenda!"

Mtoto anakwenda, anaudaka kifuani, anachimbia kisigino kwenye matope na kupaza sauti: "Wangu!" Ndiyo sheria ya raga. Mpira wa adui ukitoka juu, ukaudaka, ukachimbia kisigino na kupiga ukelele, refa anapuliza filimbi, watu wote wanasimama, mpira unakuwa wako. Meurig aliijua sheria hiyo kabla ya sala ya Bwana, na kwao sala zilianza mapema.

Tatizo ni kwamba akishadaka, hakuwa na la kufanya. Mbio hana. Pasi yake ilikwenda kwa yeyote aliyejaliwa. Kijiji kilimvumilia kwa heshima ya baba yake, kama watu wanavyomvumilia mtoto wa mchungaji anayeimba vibaya. Mpaka siku moja timu ya soka ya mgodini, timu ambayo hakuna mtu aliyekwenda kuitazama isipokuwa mbwa, ikapungukiwa mtu. Wakamsimamisha Meurig katikati ya mabeki, wakamwambia asiruhusu mtu kupita. Hakupita mtu. Na siku hiyo, pamoja na mbwa, alikuwepo bwana mmoja kutoka Aberllwyd, mji wa bandari, ambako timu yao inacheza kwenye ligi pamoja na Waingereza. Bwana yule akamtaka kwa mkataba wa msimu mmoja.

Habari hiyo aliitoa Jumapili, baada ya kanisa, supu ya kondoo na vitunguu majani ikiwa mezani.

"Soka?" Islwyn aliweka kijiko chini. "Ule mchezo ambao mtu akiguswa bega analala chini na kuomba maji?"

"Ni kazi, Baba. Wanalipa."

"Hata anayeimba mlangoni mwa baa wanamlipa."

"Mwache aende," Tegwen akasema. "Huko wakilala chini, wanainuka. Huko kwenu mgodini nimeona wanaolala."

Islwyn alikula supu yake mpaka ikaisha. Kisha akasema bila kuinua macho, "Msimu ukiisha utarudi. Nitamwambia msimamizi akuwekee taa yako."

Neno lile lilimkaa Meurig. Taa ya mgodini, imewekwa, inamsubiri. Aliondoka Cwm Eithin akiwa na jambo moja tu kichwani: mwisho wa msimu, timu ya Aberllwyd imtake tena.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa nyumbani, uwanja umejaa, mvua inanyesha kwa ubavu. Bao moja kwa bao moja, dakika zimebaki chache. Mpira ukapigwa juu kutoka mbali, ukapanda, ukaning'inia hewani juu ya eneo la penalti. Kipa, Elfed, alikuwa anatoka langoni. Meurig akauona unavyoshuka. Akasogea, akaupokea kifuani kwa mikono miwili, taratibu kama anapokea mtoto wa kubatizwa, akachimbia kisigino.

"Wangu!"

Yeye alisimama pale kifua mbele, anasubiri filimbi. Na filimbi ikapigwa kweli. Refa akaonyesha alama ya penalti.

"Sasa mimi nifanyeje?" Elfed akamuuliza. "Nikacheze beki?"

Wakafungwa. Kocha Treharne, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, alimngoja mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo.

"Nieleweshe, Prosser. Ulikuwa unadaka nini? Mtoto aliyeanguka dirishani?"

"Nilisahau, bwana."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba hii ni soka."

Treharne alivua kofia, akaitazama ndani kama vile ameangusha kitu humo. "Utacheza timu ya akiba. Msimu ukiisha na mimi sijashawishika, nitakusindikiza mwenyewe mpaka stesheni."

Nchi yetu ina akina Prosser na akina Jones wengi kuliko kondoo, kwa hiyo kila mtu hubandikwa jina la pili ili ajulikane. Muuza maziwa ni Jones Maziwa, mtengeneza majeneza ni Jones Sanduku, na jina likishabandikwa halibanduki. Hata wiki haijaisha, yule kijana alishakuwa Prosser Mdakaji. Akipita sokoni, muuza samaki alimrushia samaki mzima: "Daka, Prosser!" Na yeye, maskini, alimdaka.

Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Marged Pugh, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiyejua lango la mpira lina miti mingapi. Asubuhi moja alimwona mpangaji wake anazungusha tu mwani na nyama ya nguruwe, chakula cha asubuhi cha pwani ile, kwenye sahani, na mwani ule Bi Marged aliukaanga mwenyewe.

"Chakula kibaya?"

"Hapana, Bi Marged. Ni mikono yangu. Kichwa kinajua, yenyewe haitaki kujua. Mpira ukija juu inakwenda yenyewe."

"Aa. Kumbe ni kama sauti ya kwanza kanisani kwetu. Ukiwaambia wale wanawake wanyamaze, hawawezi. Ila wakipewa kitu cha kushika, wanatulia." Akachota viazi viwili kwenye beseni, akamtia kimoja kila kiganja. "Nenda navyo mazoezini. Ukidondosha hata kimoja, usije hapa kuniomba cha jioni."

Wenzake wa timu ya akiba walifurahi sana. "Prosser, chumvi umeleta?" "Prosser, hivyo vya kuchemsha au vya kukaanga?" Mpira ukipigwa juu, mikono inaruka, viazi vinaanguka kwenye matope, yeye anaviokota, anavifuta kwenye kaptura, anarudi mahali pake. Siku nyingi za baridi ile alilala njaa, maana Bi Marged hakuwa mtu wa kutania, na alikuwa na njia ya kukagua viazi kama anakagua dhamiri ya mtu.

Lakini theluji ilipoanza kuyeyuka vilimani, viazi vilikuwa vinarudi nyumbani visafi. Na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo Treharne hakulitarajia. Mikono ilitulia, macho yakabaki. Macho yale yaliyofundishwa kuutafuta mpira ndani ya mvua na giza la jioni yaliona pa kuangukia wakati mpira bado unapanda. Washambuliaji walikuwa wanakimbia huku wametazama juu, wanagongana. Wakifika, wanamkuta Meurig ameshasimama kama mama mkwe mlangoni. Anaruka, anaupiga kwa paji la uso, mpira unarudi ulikotoka. Mabeki wengine walisubiri mpira ufike ndipo waamue. Yeye alikuwa ameshaamua kitambo.

Treharne alisimama kando ya uwanja akatazama, akaondoka. Alikuwa na beki wake wa kati wa siku zote na hakuona sababu ya kumwondoa. Sababu ililetwa na sinia la chai: beki yule aliteleza nalo kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika kifundo cha mguu, mechi moja tu ikiwa imebaki.

Na ilikuwa mechi ya kupanda daraja. Aberllwyd dhidi ya Marlby, Waingereza. Aberllwyd wakipata sare wanapanda. Marlby lazima washinde.

"Utacheza," Treharne akamwambia. "Sina mwingine."

"Asante, bwana."

"Usinishukuru. Sijakusifu."

Msimu wa raga ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Cwm Eithin walikuja mabasi mawili, nusu kumshangilia na nusu kuona atakavyowaaibisha. Islwyn alikuwemo. Alisema anakwenda bandarini kununua samaki.

Marlby walikuwa wameshasikia hadithi. Mashabiki wao walikuja na glavu za sufu, wakazipunga hewani. "Daka! Daka! Daka!" Na nahodha wao hakuwa mjinga, alipaza sauti tangu mwanzo, "Pigeni juu! Mpeni Mdakaji!" Ikawa mvua juu ya mvua. Mpira unakuja, Meurig anaurudisha. Unakuja tena, anaurudisha. Paji la uso likawa jekundu kama kamba wa kuchemsha. Mshambuliaji wao Birtles, mwenye viwiko vikali na ulimi zaidi ya viwiko, alimng'ang'ania sikioni.

"Udake basi, mwanakondoo. Mara moja tu."

"Siwezi. Kipa wetu ana wivu."

Elfed akacheka mpaka Treharne akamfokea kutoka kwenye benchi.

Kipindi cha pili upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini kuelekea lango la Aberllwyd. Bila kwa bila bado. Refa alishaanza kutazama saa pale mpira mmoja mrefu ulipopigwa kutoka katikati ya uwanja. Elfed akatoka kuufuata, upepo ukausukuma, akateleza kwenye matope, mpira ukampita juu ya vidole ukielekea lango tupu. Kwenye mstari alibaki mtu mmoja.

Meurig aliona utakapopita: chini kidogo tu ya mtambaa wa panya, na juu ya pale kichwa chake kingefika. Mikono ingefika. Kila mtu uwanjani aliona kwamba mikono ingefika. Na mikono yenyewe ikajua: ikapanda mpaka kwenye mabega, viganja vimefunguka. Glavu za Marlby zikanyanyuliwa zote. Treharne akajifunika kofia usoni.

Mikono ikashuka. Aliibana mapajani kwa nguvu, akarudi hatua moja mpaka visigino vikakanyaga mstari wenyewe, akaruka akijinyoosha shingo kama jogoo wa kuchinjwa. Mpira ukamkwaruza juu ya nywele, ukagonga mtambaa wa panya, ukadondoka mbele yake. Birtles anakuja mbio. Meurig, amelala chali, akaupiga teke ukavuka jukwaa ukaenda barabarani, na habari zake hazikusikika tena mpaka leo. Refa hakungoja mpira mwingine. Akapuliza.

Bila kwa bila! Mtu wa nchi nyingine angedhani tumerukwa na akili, maelfu ya watu wazima wanalia kwa sababu hakuna bao lililofungwa. Jukwaa la upande wa bahari likaanza wimbo wa kanisani, la upande wa pili likapokea sauti ya chini, na Bi Marged, aliyekuja akisema anataka kuona kilichokula viazi vyake, akaongoza sauti ya pili akiwa amesimama juu ya benchi.

Islwyn alipenya umati mpaka uwanjani, mikono mitupu, samaki hakuna.

"Ulitaka kuudaka," alisema.

"Nilitaka, Baba."

"Niliona. Mimi mikono yangu nilishainyanyua. Nimemwangushia Jones Sanduku kofia." Akamshika yale mabega, akamtikisa. Ilibidi ajifanye anapenga kamasi. "Ile taa," akasema mwishowe, "nitawaambia wampe mtu mwingine."

Treharne akapita, kofia imeshamkaa upande. "Prosser! Mazoezi yanaanza Julai, asubuhi. Ukichelewa nitakuuza kwa Marlby."

Hakuchelewa. Alikaa katikati ya ulinzi wa Aberllwyd mpaka nywele zikamwisha pale mpira ulipozoea kugonga, akawa nahodha, na hatimaye nchi ikamwita. Siku alipopewa jezi nyekundu ya Wales aliileta Cwm Eithin ndani ya karatasi, akampa mama yake aione. Tegwen aliigeuza mbele na nyuma, akaipiga pasi, kisha akaivaa juu ya gauni lake na kwenda kuanika nguo uani polepole, taulo moja moja, mpaka majirani wa pande zote mbili wakatoka.