Vueni Makoti Tisheti Zionekane

Aliyetupeleka mlimani alikuwa dalali wa ploti, muuza viwanja. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nibaki nyumbani Ngoingwa ndani ya blanketi. Lakini dada yangu mdogo, anayesuka watu nywele mtaani Kimbo, alikuwa ameingia kwenye kikundi cha dalali huyo cha kupanda milima, na mama alisema haendi milima ya Nyandarua mwezi wa Julai bila mtu wa nyumbani. Nikaenda.

Langoni askari wa msitu alitazama mawingu, akatuambia anachomwambia kila mtu: ikifika saa sita mchana, popote mlipo, geukeni. Mvua ya huko juu huja mchana, na mtu akilowa kwenye ule upepo, baridi inaweza kumuua. Dalali, ambaye tulitakiwa kumwita mwenyekiti, akatushikisha mikono, akasali kirefu, akaifunga mvua kwa jina la Yesu.

"Kwa hivyo tunageuka saa sita?" nikauliza baada ya amina.

"Msomi, si tumeomba? Ama wewe huamini?"

Watu wakacheka. Dada yangu akanikanyaga mguu.

Saa sita ilitukuta bado tunapanda, matope hadi magotini. Hakuna aliyegeuka. Kileleni tulikaa tukiwangoja walioachwa nyuma, kwa sababu mwenyekiti alitaka picha ya watu wote. Mvua ya mawe ilianza wa mwisho wakifika. Ndipo alipotoa kwenye mkoba wake bango kubwa la plastiki lililotangaza ploti zake za Ruiru.

"Vueni makoti," akasema. "Nataka tisheti zionekane."

Tisheti alizotugawia zilikuwa za pamba, na namba yake ya simu kifuani. Mimi sikuvua. Nikamwambia dada yangu naye asivue.

"Wacha kuniaibisha," akasema, akavua.

Picha moja haikutosha. Mara mtu amefumba macho, mara upepo umelikunja bango, rudieni. Walisimama wakitiririka maji, wakicheka kama walivyoagizwa. Mwenyekiti, aliyeshika simu, alikuwa na koti lake.

Tulipoanza kushuka dada yangu alitetemeka sana. Kisha akaacha kutetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimesoma mambo ya baridi ya milimani kabla ya safari. Mimi husoma kila kitu nikitafuta cha kubishia. Mwili ukiacha kutetemeka na bado umelowa, haujapona. Umechoka kujipigania.

"Nasikia joto," akasema kwa ulimi mzito, akihangaika kufungua zipu ya koti alilokuwa amelivaa tena.

"Ni uchovu," mwenyekiti akasema. "Mpe glukosi atembee. Na usiwatishe watu, hawa ni kastoma wangu wa ploti."

Nilitamani kumtapikia viatuni. Badala yake nilimwomba lile bango. Plastiki ile ilikuwa nzito, upepo haungepenya.

"Litakunjika," akasema.

Mama mmoja wa kikundi, muuza mitumba wa Kiuu, hakungoja mabishano. Alilichomoa bango kwenye mkoba wa mwenyekiti kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Tukajikinga nyuma ya mwamba. Akamvua dada yangu ile tisheti, akamvisha sweta lake kavu, na mimi nikampa koti langu. Tukamzungushia bango, tukamkumbatia huku na huku, tukamnywesha chai ya chupa kidogo kidogo. Wengine walipita wakituangalia. Wawili wakapiga picha.

Dada yangu alipoanza kutetemeka tena, yule mama akasema, "Haya, tetemeka, mami. Tetemeka vizuri." Sijawahi kufurahia meno ya mtu kugongana namna ile. Tukamshusha taratibu, mmoja kila upande.

Sasa ile picha imebandikwa ukutani Kimbo, karibu na steji ya matatu, kubwa kama mlango wa gereji. Dada yangu yuko mstari wa mbele. Kileleni midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau; mtu fulani ameketi kwenye kompyuta akaipaka nyekundu.

Jumapili iliyofuata safari ile, mwenyekiti alitoa ushuhuda kanisani jinsi Mungu alivyomwokoa binti mmoja mlimani. Jioni nilimkuta dada yangu akianika viatu vyake vya kupandia, vimeoshwa hadi kamba.

"Usiniambie unarudi na yule mtu."

"Narudi," akasema. "Yule mama wa Kiuu pia anakuja. Lakini koti sivui."

"Na saa sita ikifika?"

Aliigeuza soli ya kiatu ielekee jua.

"Kwani wewe huji kutugeuza?"