Aliyemwamkia Mama

Dukani kwangu Gongoni, ninakochapa barua za watu na kutengeneza kompyuta, ukurasa ule mwekundu naujua vizuri mno. Unajaza kioo chote, unalia king'ora, unasema kompyuta imeshambuliwa, usiizime, piga namba hii haraka. Uongo mtupu. Ni ukurasa wa mtandao tu uliojitanua. Naufunga kwa Alt na F4. Ukigoma, nazima mashine kwa kitufe chake, na nikiwasha sikubali kurudishiwa kurasa zilizokuwa wazi. Wateja waliokaribia kupiga ile namba nilikuwa nawacheka. Siku hizi siwacheki.

Mama yangu, mwalimu mstaafu, anaishi Itetemia. Kwenye kompyuta niliyompa alikuwa anaandika maamkizi ya Kinyamwezi aliyofundishwa na bibi: ya asubuhi, ya jioni, ya mkwe, ya mfiwa, ya anayetoka safari, na namna ya kuitikia kila moja. Bibi ameshafariki, na sisi wajukuu tumekulia Kiswahili. Ilikuwa kazi ya miaka sita, na mimi ninayewahubiria wateja waweke nakala sikuwahi kumwekea mama hata moja. Mganga hajigangi, nilikuwa nasema, nikicheka.

Siku ile alinipigia mchana.

"Mwanangu, kompyuta inapiga kelele, imeandika nisiizime..."

"Mama, nina wateja. Nitakupigia."

Nikakata. Sikupiga.

Nilipofika kwake jua linazama, nilimkuta ameketi mbele ya kioo, mikono mapajani. Alikuwa amepiga ile namba. Kijana mwenye sauti ya upole alimwelekeza aweke programu ya kumwezesha "fundi" kuiona kompyuta akiwa mbali. Mama akaweka. Mshale ukaanza kutembea wenyewe. Kisha kijana akaomba namba ya siri ya simu yake, na hapo mama akakataa, kwa kuwa hilo nilikuwa nimemfundisha.

"Akasema, sawa mama. Halafu akafuta. Nikawa naangalia."

Nilikata mtandao, nikaiondoa ile programu, nikaufunga ukurasa. Kuufunga hakukuchukua hata dakika moja, na hilo ndilo lililoniuma. Folda ya maamkizi ilikuwa tupu. Kapu la takataka nalo alikuwa amelimwaga. Nikajaribu kila njia ninayoijua ya kurudisha vilivyofutwa; sikupata kitu.

Hasira zikanipanda, nikazimwaga pasipostahili.

"Mama, mtu humjui, umempaje kompyuta yako? Ungemkatia simu!"

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake.

"Aliniamkia. Alisema shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Mtu akishakuamkia ukaitikia, unamkatiaje simu?" Akarudisha macho kwenye kioo. "Wewe ndiye uliyekata. Na hukuniamkia."

Niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni. Nikapiga goti pale pale kwenye sakafu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa bado anaitazama ile folda tupu.

"Niamkie kwa lugha ya bibi yako," akasema.

Nikafungua kinywa. *Mwangaluka* ndilo neno pekee lililokuja, na hilo ni la asubuhi. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia, na la jioni lilikuwa kwenye lile faili.