Picha ya Baba Akitazama Dirishani

Niliporudi Kisumu baada ya kusomea usanifu wa michoro Nairobi, kazi niliyoipata ilikuwa ya kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu kwenye jalada. Sikuwa nimeiomba hiyo. Niliomba kazi ya dizaini katika duka la uchapishaji karibu na soko la Kibuye, na mwenye duka, mama mmoja mwenye haraka, akaniambia hapo dizaini maana yake ni mazishi. Kila Ijumaa watu walipanga foleni hadi nje, kwa sababu wengi huku kwetu huzikwa Jumamosi.

Mtindo ulikuwa mmoja tu. Mawingu, njiwa wawili, rangi ya zambarau inayofifia, jina la marehemu kwa herufi za kujipindapinda, na marehemu mwenyewe ndani ya suti. Suti hiyo ilikaa kwenye kompyuta. Tulikata kichwa kutoka picha ya harusi au ya kitambulisho, tukakibandika juu ya kola. Wazee waliovua samaki maisha yao yote wameagwa wakiwa wamevaa ile suti yangu ya bluu.

Jioni, katika chumba changu cha kupanga Migosi, nilitazama kazi za wasanifu wa siku hizi kwenye simu mpaka macho yakauma. Bango lenye herufi moja nene, imekatwa na ukingo wa karatasi, na bado unaisoma. Picha za watu zilizopigwa kando ya dirisha bila taa, nusu ya uso gizani. Zaidi ya yote nilipenda jinsi walivyothubutu kuacha sehemu kubwa ya ukurasa bila kitu. Wikendi nilichukua kamera niliyonunua nikiwa chuoni, nikazunguka Kibuye kupiga picha za maandishi ya rangi kwenye mabati na milango ya vibanda, nikitafuta herufi za nyumbani ambazo ningeweza kuzitumia. Siku zile niliamini kabisa kwamba ningebadilisha kitu.

Nilijaribu mara moja. Mama mmoja alinipa picha ya dada yake akicheka shambani, jembe begani. Nikaiweka peke yake kwenye jalada, jina chini kwa herufi ndogo nyeusi, kila mahali pengine peupe. Aliishika karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Wino uliisha?" akauliza.

Mwenye duka akaichukua, akanikabidhi njiwa.

Mwaka huo Baba akaanza kuugua figo. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, anaishi peke yake kwetu Awasi tangu Mama afariki. Kwenda na kurudi hospitalini kulimchosha, kwa hiyo nikamleta akae nami Migosi. Mtu ambaye sauti yake ilitangulia lori lake sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, blanketi magotini, akitazama nguo za majirani zikikauka. Nikirudi kazini aliniuliza leo nimezika wangapi. Nilizoea kumjibu kwa mzaha. Baadaye nikawa sijibu.

Alasiri moja alikuwa amerudi kutoka hospitalini, amechoka hata kuzungumza. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga uliingia kutoka upande mmoja, laini, wa kijivu. Ulimpiga kwenye shavu lililobonyea na kwenye mshipa wa shingo. Ilikuwa picha niliyoitamani miaka yote ile, mbele yangu, ndani ya chumba changu. Nikachukua kamera taratibu. Nikapiga moja. Nikasogea, nikapiga nyingine.

Aliusikia mlio.

"Nyathina," akasema bila kunigeukia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mtoto wangu. "Hiyo ni ya programu?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Au labda mikono yangu ilikuwa imefikiria. Nilisimama tu na kamera kifuani, na jinsi nilivyozidi kunyamaza ndivyo alivyozidi kupata jibu.

"Mimi nimeona kazi yako," akaendelea. "Ni kazi nzuri, inakulisha. Lakini ukiniweka kwenye mawingu, nitashuka."

Nilitaka kucheka. Yeye pia alitikisika mabega, nadhani alikuwa anacheka. Kisha akavuta blanketi.

"Weka hiyo kitu chini. Nipe chai."

Nikampa chai. Hakuniruhusu tena kumpiga picha, nami sikumwomba. Katika zile mbili, moja ilitikisika. Nyingine inamwonyesha upande, zaidi sikio na kisogo kuliko uso, na dirisha jeupe mbele yake.

Alifariki mvua za masika zilipokuwa zimeanza. Ndugu yake mkubwa alikuja kutoka Awasi na wazee wengine wa ukoo, wakakaa chumbani kwangu kupanga mazishi. Ilipofika zamu ya programu wote walinitazama kwa aina ya faraja, kwamba hilo angalau lina mwenyewe. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha. Ile picha ya dirishani ilijaza jalada zima, jina lake chini kwa herufi nene zisizo na madoido. Nilikuwa nimelia nikiitengeneza, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hilo nalisema bila aibu.

Baba mkubwa alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Uso uko wapi?"

"Anaangalia nje, Baba."

"Naona. Mtu anaagwa akiwapa watu mgongo? Watasema aliondoka amekasirika. Watauliza alikasirishwa na nani." Hakuwa mkali. Alinishika mkono. "Watu watatoka mbali, binti yangu. Wengine hawakumwona tangu aache lori. Wanataka kumwona."

Nilimweleza kwamba yeye mwenyewe alikataa mawingu. Mzee mmoja akasema wagonjwa husema mengi. Baba mkubwa akatoa mfukoni nakala ya kitambulisho cha Baba, akaiweka juu ya meza, akailainisha kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba naye alikuwa anamzika mdogo wake, na hakuwa na njia nyingine ya kumheshimu ila ile iliyozoeleka.

Nikaenda dukani. Mwenye duka alitaka kunifanyia, nikakataa. Nilikata kichwa cha Baba kwa mkono wangu, nikafuata ukingo wa masikio polepole ili nisimwumize. Nikambandika kwenye suti ya bluu. Shingo haikukaa vizuri. Alikuwa na shingo nene, nikalazimika kupanua kola. Kisha nikaweka mawingu.

Kule Awasi watu waliipenda. Wanawake waliokuwa wakiuza sokoni aliposimamisha lori waliipokea kwa mikono miwili. Mmoja alipitisha kidole usoni mwake, akaniambia, "Amependeza," akaikunja ndani ya leso na kuiingiza kifuani. Nikashukuru. Sikujisikia kushinda wala kushindwa. Nilijisikia kama mtu aliyefika kwenye msiba wa mtu mwingine, mwenye suti, ambaye anafanana kidogo na baba yangu.

Niliporudi Migosi niliichapisha ile ya dirishani kwa ukubwa, bila neno hata moja, nikaitundika juu ya kitanda. Nilidhani itanifariji. Wageni waliisifu. Lakini nilianza kujikuta nimekaa naitazama, chai inapoa, nikisubiri ageuke. Asubuhi moja nilimwita kwa sauti. Nikaishusha, nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka nyuma ya kabati.

Kamera sijaigusa tangu hapo. Ninaendelea na kazi dukani, na wateja wanasema mkono wangu umekuwa mzuri siku hizi, kwamba marehemu wanatoka kama wenyewe. Nawauliza walikuwa watu wa namna gani kabla sijawasha kompyuta. Wengine wanaeleza kwa muda mrefu. Wengine wanasema alikuwa mtu mzuri tu, basi, wanaomba nifanye haraka.