Mlango wa Mbele wa Orpha

Kwetu hapa vilimani Vermont, mlango wa mbele si wa kupita hovyo. Sote tunaingilia jikoni, na mabuti yetu ya matope. Wa mbele hufunguliwa kwa bibi arusi na kwa jeneza, kisha unazibwa matambara kuzuia baridi. Wangu ulifunguliwa mwisho miaka tisa iliyopita, alipotolewa mume wangu, Harlan.

Basi Aprili ile, nilipomwona jirani yangu Elwood Pinkham anabandua mlango wake wa mbele kwa mtaimbo, niliwaza jeneza tu. Mkewe, Orpha, alikuwa hospitalini wiki ya sita, kavunjika nyonga, na kijiji kizima kilikuwa kinajiuliza jambo moja tu: atarudi nyumbani au ndiyo basi?

Siku tatu nilimchungulia dirishani. Theluji ilibaki mabaka mabaka chini ya uzio, maji matamu ya miti tuliyoitoboa yakidondoka kwenye ndoo, to, to, to, na ukungu ukapanda kutoka shambani hata mzee akaonekana kiuno kwenda juu tu, anaelea. Alibomoa ngazi za mbele. Akatandaza mbao za ghala toka mlangoni hadi barabarani, mteremko laini, wa kushushia kitu kizito pole pole. Akapaka mlango rangi ya buluu. Halafu akapiga magoti kando ya mbao, huku na huku, akawa anafukia kitu udongoni. Maua ya mazishi hayo, nikasema. Nililia, sifichi.

Kumuuliza? Thubutu! Kwetu mfiwa haulizwi, anapelekewa chakula. Nikaoka paja zima la nguruwe, nikavaa gauni jeusi, nikavuka barabara.

"Pole, Elwood."

"Pole ya nini?"

Kabla sijajibu, gari la binti yao likasimama. Akashuka Orpha mwenyewe, kakonda, kashikilia fremu ya kutembelea.

"Delphine! Gauni jeusi mchana kweupe! Kafa nani?"

"Wewe," nikamjibu. Ulimi wangu hauna breki.

Alicheka mpaka fremu ikatetemeka. Kisha akauona mlango, kicheko kikakatika.

"Elwood. Hapo mimi sipiti."

"Jikoni kuna ngazi nane, na matope hadi magotini. Daktari kasema, bila njia isiyo na ngazi, unapelekwa nyumba ya wazee."

"Mlango huo wa maiti, we mzee!"

"Na wa bibi arusi."

Matone ndooni, to, to. Miaka arobaini nimeishi jirani na Elwood, sijapata kumsikia akimaliza sentensi tatu mfululizo. Siku hiyo alijifuta mikono kwenye suruali, akasema:

"Uliingilia hapo, Orpha, nimekubeba. Leo siwezi kukubeba. Nimekutengenezea njia. Na nimepanda njegere za maua huku na huku, zitambae kwenye reli za kushikia nitakazozipigilia, ili Juni upite katikati ya maua."

Orpha akafuta pua kwa kiganja.

"Mbegu ulizilowesha kwanza?"

"Usiku kucha."

"Umezifukia kina gani?"

"Kidole kimoja."

"Si haba," akasema, na mguu wake ulikuwa tayari juu ya ubao. Alipanda akinung'unika, hatua kwa hatua, Elwood kando yake bila kumgusa, mpaka akapotelea ndani ya mlango ule wa buluu.

Nyama ya msiba tuliila na marehemu wetu, mlango ukiwa wazi. Aliomba kipande cha pili, akalalamika kuwa nimezidisha karafuu.

Nilirudi kwangu jua bado lipo. Nikayachomoa matambara ya mlango wangu wa mbele, moja moja, nikausukuma kwa bega mpaka ukakubali. Nikakaa kizingitini na gauni langu jeusi, nikamwambia Harlan kwamba Orpha amerudi.