Doa la Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Yassin alikuwa na kazi moja: kulichora jua. Kituo kidogo cha Magamba kilikuwa cha chuo kikuu, kikiendeshwa kwa fedha za serikali. Kila asubuhi alifungua paa la bati, akaielekeza darubini, akaiacha taswira ya jua iangukie kwenye karatasi nyeupe. Alifuata ukingo wake kwa penseli, akatia madoa meusi yaliyoonekana ndani yake, akaandika saa, akatia sahihi. Siku ya ukungu aliandika "ukungu" na kuiacha karatasi bila duara.

Mwaka 1996 jua lilikuwa safi. Hutokea hivyo kila baada ya miaka kumi na moja hivi: madoa hupungua hata yakatoweka kwa majuma mazima. Karatasi zikajaa maduara matupu. Mkewe, Mwajuma, alimtania alipomletea uji.

"Baba Rukia, kumbe serikali inakulipa kwa kuchora chapati?"

"Chapati hizi zina vipimo, mama."

Mwezi wa kumi ilifika barua. Vituo visivyoonyesha matokeo vingefungwa na wafanyakazi wake kupunguzwa. Mkaguzi angekuja Jumanne. Mzee Yassin alijua maana ya kupunguzwa. Mdogo wake, Athumani, alikuwa amerudi kutoka kiwandani Tanga na godoro moja na baiskeli, na tangu hapo alishinda amekaa kizingitini.

Mimi nilikuwa fundi wa vyombo pale, mwaka wangu wa kwanza kutoka chuo cha ufundi. Jumatatu nilisafisha lenzi, nikaikagua taswira kama nilivyofundishwa: haikuwa na doa. Saa sita, nilipokwenda kuhifadhi karatasi, duara lilikuwa na doa moja karibu na ukingo wa mashariki, limechorwa kwa ustadi, hata kivuli chake cha kijivu kimetiwa. Nilimtazama. Alikuwa akichonga penseli iliyokwisha kuchongeka. Niliihifadhi karatasi hivyo hivyo, na hilo lilikuwa kosa langu.

Mkaguzi, Bwana Salvatory, alitoa shikamoo ya haraka, akaanza kuzipekua karatasi akiwa amesimama.

"Tupu. Tupu. Hii nayo tupu. Mzee, hapa mnalinda nini?"

"Jua ndilo safi, mheshimiwa. Na usafi wake ni taarifa."

"Taarifa gani isiyo na kitu?" Akaifikia ya Jumatatu, uso ukamkunjuka. "Enhe! Hapa sasa kuna kazi. Hii nakwenda nayo Dar es Salaam. Hebu nionyeshe doa lenyewe."

Doa kubwa namna ile haliondoki kwa siku moja. Husogea tu kuelekea kati. Mzee Yassin alitoka nje, akautazama msitu ulio juu yetu. Ukungu, ambao siku zote aliunung'unikia, ulikuwa ukishuka. Muda si mrefu bati lilianza kudondosha maji.

"Basi, tumekosa bahati," alisema Bwana Salvatory, akiitia karatasi mkobani.

Mzee Yassin alikuwa amekwisha kuandika "ukungu" kwenye karatasi ya siku ile. Aliliangalia neno hilo, ambalo lilikuwa la kweli, kisha akautazama mkoba.

"Irudishe, mheshimiwa. Doa hilo sikuliona. Nimelitia mwenyewe."

Mkaguzi alinigeukia. "Binti, ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa hizi nyingine, za miaka kumi na tisa, nani ataziamini?"

Mzee aliipokea karatasi ya Jumatatu, akaitandaza mezani. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika kando ya doa: "Halikuwapo." Akatia sahihi.

Kituo kiliachwa kiendelee hadi mwezi wa sita, kwa sharti kwamba kila karatasi iwe na sahihi mbili, yake na yangu.

Asubuhi moja ya Novemba nilikuwa ghalani nikipaka grisi magurudumu ya akiba ya paa niliposikia akiniita. Nilipoingia, taswira ilikuwa na doa, dogo kuliko lile alilolibuni. Penseli ilikuwa mezani. Mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo.

"Njoo uone kwanza, mwanangu," alisema. "Nisichore kabla hujaona."

Nilitazama, nikasema lipo. Ndipo akachora, polepole, kisha akanisogezea kalamu kabla ya kutia sahihi yake mwenyewe.