Anselmo, Mtetezi wa Kodi

Ukitaka kumchokoza Anselmo Haule miaka ile, ulihitaji kusema jambo moja tu: kwamba kodi ya Sweden ni wizi. Nimewahi kumwona akiacha shuka nusu ndani ya mashine na nusu nje, akageuka kumfundisha Kariuki uraia, maji ya povu yakitiririka mpaka kwenye viatu vyangu.

Bunge letu lilikuwa chumba cha kufulia, chini ya jengo letu pale Tensta, kitongoji cha mji mkuu, kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa kuwa hiyo ndiyo zamu tuliyojiandikisha. Katika nchi hii unaweza kumkosea jirani mambo mengi akakusamehe, lakini ukimwibia zamu yake ya kufua, hamtasalimiana tena. Kwa hiyo tulifika kwa wakati, tukapakia mashine, halafu tukabishana mpaka zisimame.

Tulikuwa watatu. Mimi Severin, mchambuzi wa barua posta, mtu wa kuchoka mapema. Kariuki wa Nyeri, aliyekaa Uingereza miaka minne kabla ya kumfuata mke wake Mswidi huku, akawa anasafisha ndege Arlanda. Na Anselmo mwenyewe, aliyeletwa kutoka Songea mwishoni mwa mwaka sitini na nane kwa mafunzo ya ufundi mitambo. Mafunzo yaliisha, yeye akabaki, akaajiriwa kupanga makreti katika bohari moja la maziwa.

"Nikifanya ovataimu wananikata zaidi ya nusu," Kariuki angeanza. "Zaidi ya nusu, bwana! Hiyo ni haki gani?"

"Mtoto wako alizaliwa wapi, Kariuki? Na ulilipa nini pale hospitali?"

"Hata Uingereza hospitali ni bure."

"Uingereza leo wanaingia Leba, kesho Konsavativu. Huyu anajenga, yule anabomoa. Hapa chama kimoja kimekaa miaka arobaini na kitu, na hakuna mzee anayelala njaa."

"Ninyi Watanzania," Kariuki alicheka, "mnapenda chama kimoja hata mkiwa kwenye barafu."

Huo ulikuwa upande mmoja wa Anselmo, na nilikubaliana nao. Upande wa pili ulikuwa na makali zaidi. Ujanani alikuwa kijana wa TANU, na alikuja huku na hesabu yake ya watu kichwani: wapo wanaofanya kazi, na wapo kupe. Kodi ni ya wasiojiweza, alisema. Mwenye mikono miwili akiigusa, huyo ni kupe, awe mweusi au mweupe. Katika ghorofa ya tatu ya jengo letu alikaa Mswidi mmoja aliyekuwa nyumbani miezi sita akilipwa kwa ajili ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na Anselmo hakuwahi kumwitikia salamu. Sisi tulitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa rahisi kukubali, maana wakati huo mikono yetu yote ilikuwa mizima.

Na Domina, mke wake, alikuwa palepale akikunja nguo. Alifanya kazi jikoni katika nyumba ya wazee, alfajiri mpaka mchana, na Jumamosi alizokuwa na mapumziko alishuka na kapu lake akakunja huku sisi tukiiendesha nchi. Hakuwahi kutia neno. Nilidhani hana maoni, na kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Februari ya mwaka sabini na sita, Anselmo aliinua kreti akahisi kitu kimekatika kiunoni. Daktari alimpiga picha, akamwambia asinyanyue tena kitu kizito, pengine maisha yake yote. Mswidi yeyote angepiga simu ofisi ya bima ya jamii, ambayo wote tuliiita Kassan, akaandikwa mgonjwa, akalala kitandani kwake na fedha zikaja. Anselmo alinyoa ndevu, akafunga tai, akaenda kwa msimamizi wake na barua ya kuacha kazi.

"Kazi yako siiwezi tena," alimwambia, "na siwezi kula mshahara wa bure."

Msimamizi alimkodolea macho. Alimwambia hakuna anayemfukuza, aende tu nyumbani ajiandikishe kuwa mgonjwa. Anselmo alidhani anapimwa uaminifu. Akaiacha barua mezani, akampa mkono, akaondoka kichwa juu. Aliponisimulia alikuwa anatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimsifu.

Baada ya wiki mbili alikuja mtu wa chama cha wafanyakazi, mzee mpole, na fomu ya Kassan ambayo ilikuwa imekwisha jazwa jina. Barua ile ameizuia, alisema, haijaenda mbali. Imebaki sahihi ya Anselmo na cheti cha daktari, basi. Anselmo alimshukuru, akamwekea kahawa na maandazi, na alipoondoka akaiweka fomu katika droo ya vijiko.

Akatafuta kazi nyepesi. Machi, Aprili, Mei. Waajiri walipomwona anavyokaa kwenye kiti, kwa awamu, walimwambia watampigia. Kodi ya nyumba haikungoja simu hizo. Domina akachukua kazi ya pili, kusafisha ofisi mjini jioni. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akarudi mchana kupika na kumwogesha Adelina, mtoto wao wa miaka mitano, kisha akapanda treni tena. Mikono yake ilipasuka kwa sabuni. Alikonda mpaka koti lake likawa kama la dada yake mkubwa. Siku moja nilimkuta stesheni amekaa kwenye benchi, treni yake imefungua milango na kuifunga mbele yake, naye anaitazama tu.

Anselmo aliona, sisemi kwamba hakuona. Alimchukua mtoto shule ya chekechea, alikoroga uji, alifagia kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiuno. Lakini droo hakuifungua. Nilipomuuliza alikasirika.

"Mfuko huu nimeutetea miaka minane, Severin. Leo niingize mkono wangu mwenyewe? Kesho nitautetea kwa mdomo gani?"

Nilichoka naye. Tena mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na kwa mara ya kwanza sisi wageni tuliokaa miaka mitatu tulipewa kura za halmashauri. Anselmo, ambaye nyumbani alizoea kuchagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama kilekile, alikusanya vipeperushi vya vyama vyote akavitandaza juu ya meza ya kukunjia nguo. Kariuki alisema atawapa kura wale wanaotaka kupunguza kodi. Basi kila Jumamosi ikawa vita, asilimia hii, asilimia ile, na mimi katikati natafuta soksi zangu.

Jumamosi moja kabla ya kura, Domina aliingia akitoka kazini, hajavua hata koti. Alikuwa amemwachia jirani mtoto. Jana yake yule mzee wa chama cha wafanyakazi alikuwa amepiga simu: fomu isipofika kabla ya Ijumaa, barua ya kuacha kazi itabidi ishughulikiwe, na yeye hataweza kusaidia tena. Anselmo alikuwa ametusimulia hayo kwa kiburi kabisa, kama mtu aliyekataa rushwa.

Domina alitoa shuka kubwa kwenye mashine ya kukaushia. Shuka hukunjwa na watu wawili. Akashika pembe zake mbili, akamnyooshea mumewe zile nyingine.

"Nishikie hapa, Baba Adelina."

"Ngoja kidogo," Anselmo akasema, maana alikuwa anamweleza Kariuki habari za pensheni.

Domina akangoja. Akaegemea mashine, joto lake likampata mgongoni, na akalala pale pale, wima, amefumba macho, pembe za shuka vidoleni. Kariuki ndiye aliyemwona kwanza, akanyamaza katikati ya sentensi. Kisha shuka likaanguka, naye akashtuka.

Hakuliokota. Alimgeukia mumewe.

"Nikuulize," alisema. "Miaka minane umelipa kodi. Ulikuwa unamlipia nani?"

"Domina, haya tutaongea nyumbani."

"Nyumbani saa ngapi? Niambie, ni saa ngapi tunakuwa macho wote wawili ndani ya nyumba ile? Nimekuuliza, ulikuwa unamlipia nani?"

"Wasiojiweza."

"Na mgongo wako unajiweza?"

Anselmo alipeleka mkono kiunoni, akaurudisha. Mashine ya Kariuki ilikuwa inazunguka.

"Mimi sina chama," Domina akasema, na hakupandisha sauti. "Hizo asilimia zenu sizijui. Ninachojua, kuna watu milioni nane katika nchi hii, na wote wamekubali kukubeba. Kila mmoja angekushika kidogo tu, wala asisikie uzito. Umewakataa wote. Umenichagua mimi peke yangu nikubebe."

Kariuki aliinamisha kichwa. Mimi nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyoishi Tensta, kwa sababu tulikuwa pale miezi saba, watu wawili wenye midomo mikubwa, na hakuna kati yetu aliyeyasema maneno hayo. Anselmo alijaribu kuinama aokote shuka, akashindwa nusu ya njia. Niliokota nikamwekea pembe mikononi. Wakalikunja wawili, wakikaribiana na kuachana, mpaka likawa dogo.

Jumatatu alinigongea mlango, amefunga tai. Fomu ilikuwa na sahihi, cheti cha daktari kimebanwa nyuma. Aliniomba nimsindikize Kassan. Tulikaa kwenye benchi na wengine, na muda wote midomo yake ilikuwa inacheza. Zamu yake ilipofika, msichana wa dirishani alichukua karatasi, akazisoma, akagonga muhuri, akasema asante, akaita namba iliyofuata. Anselmo alibaki amesimama. Ikabidi nimvute mkono.

"Hakuniuliza chochote," aliniambia nje, barabarani. "Nilikuwa nimejiandaa."

"Kufanya nini?"

"Kujitetea."

Nilimhurumia kwa moyo wote. Tukarudi kwa miguu polepole kwa ajili ya kiuno chake.

Jumapili tulipiga kura katika shule ya mtaa. Hakuniambia alichagua nani, na mimi sikumuuliza. Chama alichokuwa akikitetea kilishindwa, baada ya miaka yote ile. Fedha za Kassan zilichelewa kidogo, na zilipofika katikati ya Oktoba, Domina aliwarudishia wale wa ofisi za mjini funguo zao.

Jumamosi iliyofuata Anselmo hakushuka kufua. Kariuki alikuwa amengoja serikali mpya iapishwe ndipo amcheke, na sasa imeshaingia, gazeti analo kwapani. Tukapanda mpaka kwake, ghorofa ya nne, saa sita mchana. Anselmo alifungua mlango kidogo akasimama katika upenyo, mtoto amemshika mguu, naye baba amemwekea kidole mdomoni anyamaze.

"Domina amelala," alinong'ona. "Tangu jana jioni."

"Basi tuongee polepole," Kariuki akasema. "Serikali imeanguka, bwana. Huna la kusema?"

"Sina," alisema Anselmo, akaufunga mlango taratibu, akikishikilia kitasa kwa mikono miwili ili kisilie.